Jiko la Makaa: Usitazame Rangi, Chungulia Ndani

Saa kumi na mbili za jioni mwezi wa Julai, ukishuka matatu Kayole, Dandora, Umoja au Huruma, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya makaa. Nje ya mlango huu na ule kuna jiko linalopepewa kwa kipande cha katoni. Mtoto ametumwa kununua kopo moja la makaa, mama anaosha maharagwe ya githeri, na baridi imekwisha kuanza kupenya chini ya mlango.

Pengine wewe msomaji una gesi. Mtungi wa kilo 6 umesimama pale pembeni na chai ya asubuhi huipika juu yake. Lakini gesi ina tabia ya kuisha tarehe 20 ilhali mshahara ni wa tarehe 30, na maharagwe hayangoji mtu alipwe. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Eastlands jiko la makaa halijastaafu.

Hebu jiulize basi: mara ya mwisho uliponunua jiko, ulitazama nini? Wengi wetu hutazama rangi, tukauliza bei, tukapunguziwa shilingi hamsini na kuondoka tukijiona wajanja. Baada ya miezi mitatu udongo wa ndani umepasuka, makaa yanaangukia majivuni yangali mazima, na kopo lililokuwa likitosha siku nzima sasa haliivishi hata chakula cha mchana.

Makala haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kuchagua jiko kwa kutazama ndani yake. Mwishoni tutazungumza juu ya jambo moja ambalo hata jiko bora kuliko yote haliwezi kukufanyia, na ambalo kila msimu wa baridi huwagharimu watu maisha yao.

JIKO HILI LILITOKA WAPI?

Wazee waliokulia Kaloleni, Shauri Moyo au Bahati wanalikumbuka jiko la bati tupu. Inasemekana umbo lake lililetwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli, ambayo ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Lilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununua, lakini lilikuwa na kasoro moja kubwa: joto jingi lilipitia ubavuni likapotea hewani. Ukikaa kando yake miguu ilichomeka, na sufuria ilikuwa bado haijachemka.

Bei ya mafuta ilipopanda duniani baada ya mwaka wa 1973, watu walianza kufikiria upya habari za nishati. Mnamo Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati hapa Nairobi. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1980, Wizara ya Nishati, mashirika ya Kenya kama KENGO, wafadhili kutoka Marekani na mafundi wetu walishirikiana kutafuta jiko linalookoa makaa. Mfano waliouanzia ulitoka Thailand, ambako watu walikuwa wakitumia jiko lenye umbo la ndoo, lililojaa udongo uliochomwa ndani yake.

Jiko hilo la ndoo halikukubalika jinsi lilivyokuwa. Lilikuwa zito na udongo wake ulipasuka. Tena mpishi wa Kenya ana jambo ambalo wengine hawana, nalo ni kusonga ugali. Jiko lisilosimama imara litapinduka na sufuria yake pamoja na unga. Basi mafundi wakalibana kiunoni, chini wakalipanua, na udongo wakauweka katika nusu ya juu peke yake, pale moto unapokaa. Ndilo umbo unalolijua leo. Kiuno kile unachokiona si urembo. Ndicho kinachoushikilia udongo usishuke, na kitako kipana ndicho kinacholizuia jiko lisipinduke.

Mafundi wa Shauri Moyo, Gikomba na Kamukunji walilichukua jiko hilo wakalifanya lao. Mwanzoni bei yake ilikuwa ya juu, lakini mafundi walipoongezeka na kushindana, bei ikashuka hadi mtu wa kipato cha chini akaweza kulinunua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini zilikuwa nalo.

UKIFIKA KWA FUNDI

Ukisimama karibu na Soko la Gikomba hutahitaji kuuliza njia ya Kamukunji. Fuata mlio wa nyundo. Utakuta majiko yamepangwa hadi kando ya barabara, mengine ya fedha, mengine mekundu, mengine ya kijani kibichi. Usiende kwa mbio. Chuchumaa, ulishike jiko mkononi na ulikague.

Kwanza, udongo. Hapa ndipo penye thamani ya jiko zima. Pitisha kidole polepole juu ya uso wake wa ndani ukitafuta nyufa. Ufa mwembamba kama unywele leo utakuwa ufa wa kupitisha kidole baada ya wiki chache za moto. Kisha kwangua kwa ukucha. Ukitoka unga mwingi, udongo huo haukuchomwa ukaiva. Rangi nayo ieneke sawasawa. Kama upande mmoja ni mwekundu na mwingine ni wa kijivu, moto wa tanuri haukufika kote. Ikiwa unanunua udongo peke yake wa kuweka katika jiko lako la zamani, uinue na uugonge kwa kifundo cha kidole. Ulioiva hulia kama chungu kizuri, ulio mbichi au wenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa.

Pili, matundu. Tazama kitako cha udongo pale makaa yanapokaa. Matundu yawe yametobolewa hadi upande wa pili, yasiwe yameziba kwa simiti. Yakiwa makubwa mno, makaa madogo yataanguka kabla ya kuungua. Yakiwa madogo mno, majivu yatayaziba na moto utakosa hewa. Inua jiko ulielekeze kwenye mwangaza. Ukiona nuru katika kila tundu, hapo pazuri.

Tatu, mahali udongo unapokutana na bati. Nafasi hiyo hujazwa simiti ambayo mafundi wazuri huichanganya na madini mepesi ya kuzuia joto, kama vile vermikulaiti. Simiti izunguke pande zote bila pengo. Jaribu kuutikisa udongo kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, liache jiko hilo pale pale.

Nne, bati lenyewe. Majiko mengi ya jua kali hutengenezwa kwa vyuma vikuukuu na mapipa ya mafuta yaliyokatwa. Hilo si kosa, mradi bati liwe nene. Libonyeze kwa dole gumba; likibonyea kama kopo la maziwa, kutu italimaliza upesi. Viungo viwe vimekunjwa na kupigwa ribiti, wala si kubandikwa tu na kufunikwa kwa rangi.

Tano, kilango cha hewa. Kifungue na kukifunga mara kadhaa. Kilango hiki ndicho swichi ya jiko lako: kikiwa wazi moto huwaka kwa nguvu, kikifungwa moto hutulia. Kilango kisichofunga vizuri kitakufanya uchome makaa ya kuchemsha hata wakati unapotaka githeri litokote polepole.

Sita, mafiga. Vile vyuma vitatu vinavyobeba sufuria viwe imara na urefu wao uwe sawa. Sufuria ikae karibu na moto bila kuukandamiza. Usione haya kubeba sufuria yako kutoka nyumbani, ile ya ugali hasa, ukaijaribishe juu ya jiko. Anayekucheka leo si yeye atakayekununulia makaa kesho.

Baada ya hapo liweke jiko chini, shika sufuria kwa mkono mmoja na uzungushe mwiko wa kuwazia kwa nguvu zako zote. Jiko likitembea, tafuta jingine.

UKUBWA NA HESABU YAKE

Kosa jingine ambalo wengi hufanya ni kununua jiko kubwa kwa sababu linaonekana la maana. Jiko kubwa lina tumbo kubwa. Ukilitilia makaa machache, moto unakuwa mbali na sufuria. Ukilijaza, unachoma makaa ya watu kumi kwa chakula cha watu wanne. Nunua jiko linalolingana na sufuria unayoitumia kila siku. Ikiwa wageni huja Krismasi peke yake, jiko kubwa waweza kuliazima kwa jirani.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Watafiti na watumiaji wamekuwa wakisema kwamba jiko lenye udongo mzuri hupunguza makaa kwa robo hadi nusu, ukililinganisha na jiko la bati tupu. Tuchukue kiwango cha chini, yaani robo. Tuseme nyumba yako huchoma makopo mawili kwa siku, na kopo ni shilingi 100. Kwa siku 30 hayo ni makopo 60, yaani shilingi 6,000. Ukiokoa robo, umebakiza makopo 15, au shilingi 1,500. Weka bei ya mtaa wako mahali pa hiyo yetu, nawe utajua ni baada ya wiki ngapi jiko litakuwa limejilipa. Utajua pia kwamba shilingi hamsini ulizopunguziwa kwa jiko lenye ufa hazikuwa faida hata kidogo.

Na bei ya makaa haitulii. Mapema mwaka wa 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Kaunti ya Kitui ikazuia makaa kusafirishwa kutoka kwake, wakazi wa Nairobi waliona gunia likipanda bei kila wiki. Kila kopo unaloliokoa ni pesa zako, na pia ni tawi la mti uliobaki umesimama Kitui, Narok au Kajiado.

Siku hizi kuna pia majiko ya kiwandani, kama vile Jikokoa linalotengenezwa Ruiru. Haya hayana kiuno kile tulichokizoea. Chumba cha moto ni cha chuma maalumu kilichozungushiwa kizuizi cha joto. Hutumia makaa machache zaidi, lakini bei yake ni mara kadhaa ya lile la Kamukunji. Ukiwa na uwezo, au ukipata mahali pa kulipa kidogo kidogo, ni ununuzi mzuri. Ukiwa huna, usijione umeachwa nyuma. Jiko la fundi lililochaguliwa kwa makini litakutumikia vyema.

UKISHALIFIKISHA NYUMBANI

Jiko jipya lisiwashwe kwa moto mkali siku ya kwanza. Simiti ikauke vizuri, kisha uanze na makaa machache, nje ya nyumba, mpaka harufu ya rangi iishe. Usizime makaa kwa kumwagia maji ndani ya jiko, kwa maana udongo wenye moto ukikutana na maji baridi hupasuka. Toa makaa yaliyobaki kwa koleo, uyafukie kwa majivu au uyafunike ndani ya kopo la bati, nayo yatakufaa kesho.

Makaa makubwa yavunje kabla ya kuyatia, usiyagonge yakiwa jikoni. Zoa majivu kila siku ili hewa ipite. Usiwashe kwa mifuko ya nailoni wala vipande vya plastiki. Moshi wake ni sumu na chakula chako kiko juu yake. Karatasi na vijiti vikavu vinatosha. Ukitaka moto ushike upesi, weka juu ya makaa kopo refu lililotobolewa huku na huku, nalo litavuta hewa kama dohani.

Udongo ukipasuka, usilitupe jiko lote. Bati likiwa bado zima, rudi kwa fundi akutilie udongo mpya. Utalipa kidogo kuliko bei ya jiko jipya.

JAMBO AMBALO JIKO HALIWEZI

Sasa tufike pale tulipoahidi kufika.

Huko Marekani na Ulaya, nyumba nyingi zilijengwa zikiwa na mahali pa moto ukutani, na dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Baadhi ya wenye nyumba hizo siku hizi hutumbukiza humo jiko la chuma linalochoma vijipande vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Nao huchagua kama tunavyochagua sisi: ukubwa wa chumba, bei, uimara. Lakini hata jiko likiwa ghali namna gani, kwanza hupitishwa bomba la moshi ndani ya dohani hadi nje. Bila bomba, haliwashwi.

Jiko letu halina bomba, na nyumba zetu nyingi hazina dohani. Katika ploti ya chumba kimoja, pale pale ndipo jikoni, sebuleni na chumba cha kulala. Kila kinachotoka kwenye makaa hubaki humo humo pamoja na watoto.

Na kinachotoka si moshi peke yake. Makaa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta huingia katika damu na kuishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala hashtuki. Usingizi wake huzidi tu kuwa mzito.

Wapo wanaosema kwamba makaa yakishaiva yakawa mekundu bila moshi hayana madhara. Si kweli. Makaa mekundu ndiyo hudanganya zaidi, kwa sababu macho hayaoni cha kuogopa. Ukimsikia mtu akisema kwamba beseni la maji chumbani huinywa sumu hiyo, usimwamini. Hewa hii haiyeyuki katika maji kiasi cha kukuokoa. Makaa ya vumbi yaliyobumbwa nayo huitoa vile vile. Na jiko lenye udongo mzuri, kwa kuwa hutunza moto kwa muda mrefu, laweza kuendelea kuitoa saa nyingi baada ya nyinyi kulala.

Hii ndiyo sababu kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, tunasoma habari za watu waliokutwa wamefariki chumbani, mlango umefungwa kwa ndani na jiko liko kando ya kitanda. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wakiwakinga watoto wao na baridi.

Kwa hivyo, msomaji, shika kanuni hizi. Washa jiko nje, na ukiweza pika nje, kwenye veranda au karibu na mlango ulio wazi. Ukilazimika kupika ndani, fungua dirisha na mlango ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi wa pili. Dirisha lililoachwa ufa mdogo halitoshi. Usiweke jiko karibu na pazia wala mahali ambapo mtoto anaweza kulikumba. Na chakula kikishaiva, jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Ukihofia kuibiwa, hamisha makaa ndani ya kopo lenye mfuniko uyaache nje, na jiko lirudi ndani likiwa tupu na baridi.

Baridi nayo ina dawa zake. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa nguo kuukuu wakati jiko limekwisha kutolewa. Vaa soksi, ongeza shuka chini ya godoro na si juu ya mwili tu, jaza maji ya moto katika chupa imara, uifunge kwa taulo uiweke miguuni mwa mtoto. Uji wa moto kabla ya kulala nao husaidia.

Ikitokea kwamba watu wawili au watatu nyumbani wanalalamika kwa pamoja kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au ulegevu huku jiko likiwaka, usidhani ni malaria. Fungua mlango, watoe wote nje mara moja, kisha uwapeleke hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu. Ukiwa Umoja, Kayole au Komarock, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Usipoteze wakati ukitafuta maziwa ya kuwanywesha. Tiba ya sumu hii ni oksijeni. Waeleze wauguzi wazi kwamba mlikuwa na jiko la makaa ndani, maana bila kujua hilo huenda wakatafuta ugonjwa mwingine.

Mwambie pia jirani aliyehamia juzi kutoka mashambani. Huko alizoea jiko lililo nje ya nyumba ya kulala, na paa linalopitisha hewa. Hapa amepata chumba cha mawe, dirisha moja na mlango wa chuma. Huenda hakuna aliyemwambia tofauti yake.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Jumamosi ijayo ukienda Kamukunji, chukua sufuria yako, chuchumaa, kwangua udongo na uhesabu matundu. Lakini jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, hakikisha jiko ulilo nalo sasa liko nje.